Wageni wa Siku Nne

Riga, 18 Novemba

Dada yangu Mavjuda,

Assalaam aleikum. Niambie kwanza habari za magoti, halafu ndiyo mengine. Huku sisi wazima. Theluji imeshaanguka mara kadhaa, na kila ikianguka tramu zinachelewa na abiria wananitazama mimi dereva kana kwamba nimeimwaga mwenyewe. Mke wangu Dace anakusalimu. Sitora ametimiza miaka kumi na mitatu, na sasa hanisikilizi kwa lugha tatu.

Nina habari. Dace na Sitora wanakuja Bukhara. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka watapanda ndege kupitia Istanbul, wafike tarehe pili Januari, wakae siku nne, warudi. Itakuwa mara yao ya kwanza, tena wakati wa baridi, kwa hiyo Dace anaogopa atakuta mji umefungwa. Amesoma kurasa nyingi mtandaoni. Kila ukurasa una orodha yake: mambo kumi ya kuona, mambo saba ya kutokosa. Jana aliniuliza mimi lipi la kweli na lipi la kuuzia watu. Sijui kama yule muuza sambusa wa karibu na bwawa bado yupo. Sijui hata hamamu siku ya wanawake ni ipi.

Naomba uwapangie wewe, wauone mji vizuri. Mimi sitakuja. Madereva tunagawana likizo, na yangu niliimaliza kiangazi. Lakini watakuwa mikononi mwako, na hilo kwangu linatosha.

Mdogo wako,
Nusrat


Bukhara, 25 Novemba

Mdogo wangu Nusrat,

Waaleikum salaam. Magoti yananung'unika lakini yanatii, tofauti na watu wengine wa ukoo huu. Jirani yetu Robiya anakusalimu. Anauliza kama bado unakula kama mtu aliyetoka kufungiwa.

Umeniomba orodha. Umemwomba orodha dada yako, aliyefundisha historia ya mji huu mpaka sauti ikakauka, na ambaye mhariri wa gazeti la mkoa akimwona njiani anavuka upande wa pili kuzikimbia barua zake. Basi nisikilize. Wanaoandika hizo orodha walikuja Aprili, wakalala usiku mmoja, wakapiga picha mnara, wakaandika kwamba wakati wa baridi hapa "hakuna mengi". Hakuna mengi kwa nani? Kiangazi mji huu unafanya kazi ya kutazamwa. Kuta za madrasa zinafunikwa vitambaa vya kuuza mpaka huoni tofali. Baridi ikiingia vitambaa vinakunjwa, mabasi yanaondoka, na mji unavua nguo za kazi, unakaa na watu wake. Mgeni anayekuja Januari anaingia wakati mwenyeji anakunywa chai. Huyo ndiye mgeni mwenye bahati, hata kama ameletwa na bei ya tiketi.

Mpango wangu ni huu. Siku ya kwanza hawaendi popote. Watakaa miguu chini ya mfarishi, kwenye meza fupi yenye makaa chini yake, mpaka rangi iwarudie. Siku ya pili sokoni asubuhi, wakale sambusa za boga zikitoka tanurini, na ndiyo, muuzaji yule yupo, ila sasa ni mwanawe. Kisha mnara, wakati baridi imewafukuza wapiga picha. Kisha hamamu, na siku ya wanawake nitaipanga mimi. Siku ya tatu wanawake wa nakshi ya uzi wa dhahabu, halafu kaburi la wafalme Wasamani jua likiwa chini, maana ndipo matofali yale yanaonekana kama mkeka uliosukwa. Siku ya nne miguu yao itajua yenyewe. Na hoteli wasithubutu. Wifi akilipia hoteli nitakwenda kumtoa huko kwa mkono.

Sasa nikuambie ambacho hukuuliza. Kiangazi ulitia saini ubalozini ili niuze nyumba ya baba, na ulitia bila swali hata moja. Siku ya Navruz, mwaka ukigeuka Machi, funguo zinakwenda kwa mnunuzi, bwana mmoja wa Tashkent. Anataka nyumba ya wageni yenye vyumba vinane, kila chumba jina la tunda. Chumba cha wazazi kitaitwa Komamanga. Ulipozaliwa wewe patakuwa Tini. Sikulazimishwa, gesi ikishuka Januari nachoma makaa kama mhunzi, na paa linanidai kila mvua. Nahamia fleti ndogo huko mtaa mpya. Lakini hii ndiyo baridi ya mwisho ya nyumba ile, nawe unaniletea mke na mtoto kama wajumbe.

Njoo, Nusrat. Kwako wewe sina mpango. Njoo tu.

Dada yako,
Mavjuda


Riga, 9 Desemba

Dada,

Salamu kwako na kwa Robiya. Mwambie nakula vizuri na suruali zinathibitisha. Mafua yamepita nyumba nzima, sasa tumepona.

Barua yako nimeisoma kituo cha mwisho cha tramu, nikapitisha dakika za kuondoka, nikaandikiwa onyo. Nitakujibu kweli, maana ukiniona naficha utaandika kurasa kumi.

Likizo si sababu. Likizo ningeomba ningepewa. Mwaka ule niliporudi kumzika mama nilikaa wiki, na tangu hapo imepita miaka kumi na sita. Mwanzoni sababu zilikuwepo: kibali, mtoto mchanga, kisha maradhi yale yaliyofunga dunia. Baadaye sababu zikaisha nikabaki na mazoea.

Lakini kuna kitu kingine. Ninayo nyumba ile. Ninayo hivi: nasukuma mlango, unalia. Kushoto kuna mforsadi, kulia kuna kisima na ndoo yake. Buti za mama ziko kwenye ngazi, na wewe umekaa dirishani unasahihisha madaftari huku unamsema mtu. Naingia humo kila siku, dada. Naendesha tramu kwenye ukungu wa hapa, na huku nimo uani kwetu. Nikija nitakuta paa linavuja, nitakuta bwana wa Tashkent anapima kuta. Itabidi niulize njia. Nitatembea katika mji wangu na begi mgongoni, watoto wananiita kwa Kiingereza waniuzie vikombe. Hiyo niliyonayo ndiyo pekee iliyobaki nzima. Niachie.

Dace anauliza aje na nguo gani. Nimemwambia kwamba ndani ya nyumba hawavai viatu.

Mdogo wako,
Nusrat


Bukhara, 13 Desemba

Nusrat,

Mimi mzima. Robiya mzima. Kuku wa Robiya wazima. Tumemaliza salamu.

Sijasoma kwa muda mrefu upuuzi ulioandikwa vizuri hivyo. Watu wa dunia hii wamekubaliana kuiheshimu hamu. Mtu akisema ana hamu na kwao wanamnyamazia, wanamwongezea chai. Mimi siinyamazii. Hamu ya mtu aliyezuiliwa mpakani naielewa, ya mfungwa naielewa. Ya mtu mwenye pasi, mshahara na ndege zinazoondoka kila wiki ni uvivu uliovalishwa joho. Umejijengea makumbusho, wewe ndiye mlinzi, wewe ndiye mgeni, na hutaki mtu mwingine aingie asije akasogeza kitu.

Humo kichwani mwako mimi nina miaka mingapi? Nikuambie: thelathini na tisa. Nywele nyeusi, napanda ngazi mbili mbili. Huyo mwanamke wa dirishani simfahamu, na namwonea wivu. Yeye unamtembelea kila siku. Mimi niliye hai, mwenye miaka hamsini na tano na miwani ya kamba, unashindwa kunitembelea hata mara moja, usije ukamsumbua yeye.

Unaogopa kuuliza njia. Uliza. Mtu akiuliza njia hafi.

Watume basi wageni wako. Nitawapokea kama macho yangu. Hilo halina uhusiano na hasira zangu kwako, na hasira zangu kwako hazijaanza.

Dada yako,
Mavjuda


Bukhara, 8 Januari

Mdogo wangu,

Natumaini wamefika salama na miguu yao imeacha kuvimba. Mimi mzima ila nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimesubiri makusudi ndege ishuke ndipo nikuandikie.

Nianze na wifi. Alifika mlangoni, akavua viatu kwenye kizingiti cha barabarani, akavuka ua mzima kwa soksi, juu ya barafu. Nikamwambia, "Wifi, vaa viatu, huu ni ua, siyo chumba." Akasema, "Nusrat aliniambia nisiingie na viatu." Nikamuuliza, "Na Nusrat alikuambia nyumba inaanzia wapi?" Robiya aliyekuwa anachungulia kutoka mlango wake akadondosha ungo. Lakini nakuambia, kuanzia hapo nilimpenda. Mtu anayegandisha vidole kwa ajili ya adabu ya watu wengine simpati kila siku.

Hamamu alivumilia kama askari. Yule mama wa kusugua alipompaka tangawizi na asali, Dace akaniuliza mbona inachoma. Mama yule akaomba nimtafsirie, akajibu, "Mwambie inachoma kwa sababu hajawahi kuoga." Wifi akacheka, akageuza mgongo, akasema asugue na upande huu.

Sitora ana ulimi wangu. Pole. Chini ya mnara nilimwambia kwamba kila mkanda wa matofali una pambo lake. Akasema, "Shangazi, hakuna aliyewahi kuhakikisha, mnaambiana tu." Akaanza kuukagua kutoka chini kwenda juu, shingo imepinda, mpaka machozi ya baridi yakamtoka. Akasema, "Sawa, sijaona pambo lililorudiwa. Lakini nitarudi kiangazi nikiwa na darubini." Nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa. Umesikia alivyosema? Nitarudi. Kama mtu anayesema atakwenda dukani. Na akitembea anafunga mikono nyuma, kama mama.

Kwa wanawake wa nakshi aliharibu uzi wa kazi ya siku nzima, wakamwambia sasa ni lazima aolewe hapa ili alipe. Kisha kaburi la Wasamani. Alizunguka pande zote, akarudi, akazunguka tena. Mtunza bustani akaniuliza amepoteza nini.

Asubuhi ya mwisho theluji ikaanguka, ya kwanza mwaka huu. Ilianza wakati wa chai, ikafunika kisima, tandiko la Robiya na kuku aliyekosa akili. Dace kwao ni theluji kila siku, lakini alitoka nje na kikombe, akasimama tu. Akaniambia ya kwao inakuja kama kodi, hii imekuja kama mgeni.

Nikamfundisha Sitora barua ya theluji. Nilimweleza sheria vizuri: theluji ya kwanza ikianguka unaandika unachotaka, unamtia mtu mkononi, unakimbia. Akikukamata kabla hujavuka kizingiti, unapakwa masizi na karamu ni juu yako. Akikukosa, ni lazima atimize ulichoandika. Akaandika kwamba anataka halua, akaenda kwa Robiya, akampa. Halafu akabaki amesimama.

Robiya akamuuliza, "Mwanangu, unangoja nini?"

"Nangoja usome."

"Haya. Ngoja basi nichukue miwani."

Robiya akaenda kwenye jiko, akarudi na kiganja cheusi. Dace alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Mtoto alirudi kwangu uso wote masizi, amekasirika kama mimi kabisa, anasema kwao ukimpa mtu barua unasubiri aseme asante. Ndiyo mgeni alivyo. Anafuata sheria zote na kushindwa na ile ambayo hakuna aliyefikiria kumwambia.

Kisha nikaandika ya pili, nikaikunja, nikampa yeye aibebe. Akaniuliza, "Na kwa baba pia nisisubiri?" Nikamwambia, kwa baba yako hasa.

Jambo la mwisho. Wifi ameniambia kwamba kila baridi inapoanza unafungua mlango wa jiko la umeme, unaweka kigoda mbele yake, unajifunika blanketi magotini, na ukiulizwa unasema ni kwa ajili ya mgongo. Nilimfunika vizuri mfarishi wa meza ya makaa, akatazama miguu yake, akanitazama mimi, akaelewa mwenyewe.

Dada yako,
Mavjuda


Riga, 19 Januari

Dada,

Assalaam aleikum. Hali zetu njema. Mgongo pia, asante kwa kuuliza kupitia mke wangu.

Kuhusu barua uliyotuma, napinga. Nilikuwa nimesimama uwanja wa ndege na maua, binti yangu akaja mbio, nikafungua mikono, akanitia karatasi kiganjani akapitiliza. Nilibaki nimekumbatia hewa mbele ya watu. Karatasi inasema: *Theluji imetoka kwangu, karamu itoke kwako. Uje upike pilau kwa mikono yako, nyumbani kwa baba, kabla ya Navruz.* Pingamizi langu ni hili. Kwanza, nilimkamata. Alikuwa kituo cha basi, anahema. Pili, theluji ya Riga ilishaanguka tangu Novemba, kwa hiyo hapa haikuwa ya kwanza. Tatu, ulimtumia mtoto dhidi ya baba yake.

Sitora anasema nilimkamata nje ya mlango, na mlango ndio kizingiti. Tangu arudi amekuwa mwanasheria wa Bukhara.

Sasa nikuambie jingine, na hili si mzaha. Juzi alikuwa anamsimulia bibi yake wa hapa juu ya nyumba. Akasema mforsadi uko kulia kwa mlango na kisima kiko kushoto. Nikamsahihisha. Akasema, "Hapana, baba." Nikamwambia mimi nimekulia pale, nimepanda mti ule, nimeteka maji kile kisima. Akaniletea picha kwenye simu. Kisima kushoto. Mforsadi kulia, shina nene kuliko mimi na Dace tukishikana. Nikasema basi labda shangazi yako amegeuza picha. Akanionyesha nyingine, yuko mama yake kwa soksi. Nikasema labda mlango ulihamishwa. Nilijisikia nikisema hivyo. Labda mlango ulihamishwa.

Dada, ulihamishwa?

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kila nikisukuma ule mlango nasimama, sijui nigeukie wapi. Naogopa kuingia ndani zaidi nisije nikakuta na mengine.

Mdogo wako,
Nusrat


Bukhara, 22 Januari

Nusrat,

Salamu. Baridi imekaza, mimi na makaa tunaangaliana.

Pingamizi lako nililipeleka kwa wazee wa mtaa, yaani Robiya, dada yake, na mama mmoja aliyekuja kuazima chujio. Walikaa kwenye meza yangu mpaka chai ikaisha. Hukumu yao: kizingiti ni kizingiti, hata cha uwanja wa ndege. Theluji inahesabiwa pale barua ilipoandikwa. Na mtoto kutumwa dhidi ya baba yake ndiyo kazi ya watoto tangu dunia iumbwe. Umeshindwa kwa kauli moja. Mama wa chujio alitaka na masizi, tukamwambia tuone kwanza kama utatii.

Mlango haujahamishwa. Mforsadi ulikuwa kulia siku ulipoanguka kutoka humo ukavunja jino, na uko kulia leo.

Sikuandikii kukucheka. Mimi ninayelala humu nimeulizwa na bwana wa Tashkent ukuta wa jikoni ulikuwa rangi gani zamani, nikajibu buluu, na alipokwangua ikatoka kijani. Hakuna mtu anayetunza kitu kichwani, Nusrat. Tunakishika shika mpaka kinageuka.

Kuna nyumba hapa, kushoto kisima. Ipo mpaka Machi.

Dada yako,
Mavjuda


Riga, 9 Machi

Dada yangu,

Nimerudi Riga salama. Goti lako la kushoto, lile ulilonificha ukidhani sioni unavyoshika ukuta, lipeleke kwa daktari. Dace na Sitora wamemaliza halua kabla sijavua koti.

Sijui kuandika juu ya siku nne nilizokaa. Nitaandika jambo moja, maana nikilinyamazia litaoza.

Nilipoingia ulinishika mikono. Kisha ukanipeleka chumba kikubwa, ukanikalisha juu, mbali na mlango, mgongo ukutani, mito miwili. Mahali pa mgeni. Tangu tuzaliwe hakuna mtoto wa nyumba ile aliyekaa pale. Pale alikaa mwalimu mkuu, walikaa washenga wako, alikaa mjomba kutoka Khujand. Sisi tulikaa chini karibu na mlango, kwenye upepo, tukimimina chai na kurukaruka kupeleka sahani. Na wewe ulikaa pale pale, mlangoni, peke yako, ukanimiminia chai kidogo kidogo kama anavyomiminiwa mtu wa heshima.

Nilikaa. Niliona umeona. Mkono wako ulisita na birika hewani. Lakini kunihamisha kungekuwa kusema, nasi tuliogopa kusema, tukaanza kuongea juu ya bei za mkaa.

Siku ya pili vivyo hivyo. Nilipika pilau yangu ya hukumu, nikaunguza chini, mkaila, Robiya akasema ina ladha ya tramu. Nilipouliza sufuria ya shaba iko wapi ulinionyesha kwa upole, kama unavyomwonyesha mtu aliyetoka mbali. Siku ya tatu nilikwenda mnarani peke yangu. Mvulana akaniita kwa Kiingereza aniuzie kikombe. Nikamjibu Kitajiki, lugha yetu ya nyumbani, akaniambia, "Mzee, unaongea vizuri, umejifunza wapi?" Nikanunua kikombe. Nilikaa kwenye baridi pale chini nikitazama juu, nikawaza kwamba nilichokiogopa kimetokea chote, kama nilivyokuandikia, na wewe kwa hasira zako zote hukuweza kukizuia.

Ndipo ile asubuhi ya mwisho. Robiya aliingia na mkate, amebeba na malalamiko juu ya bomba la mtaa. Mimi nilikuwa nimesimama. Akaenda moja kwa moja akaketi juu, kwenye mito yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgeni. Mimi nikakaa palipobaki, mlangoni, ubavuni mwako. Upepo ukanipiga mgongoni. Mkaanza kubishana, wewe unasema bomba ni uzembe wa halmashauri, yeye anasema ni uzembe wa majirani. Katikati ya maneno Robiya akanigeukia bila kunitazama, akasema, "Nusrat, mimina chai, unangoja nini?"

Nikamimina. Nikampelekea, nikarudi, nikakutilia na wewe. Mkate ukaisha, nikaenda kuchukua mwingine jikoni, na mkono wangu wenyewe ukafungua kabati bila kukuuliza. Niliporudi mlikuwa bado mnagombana. Hukuona chochote, ulikuwa umeshamfikisha mhandisi wa maji mahakamani. Nikakaa tena kwenye upepo wangu. Nilitamani bomba lile lisitengenezwe.

Sasa naendesha tramu na sina mahali pa kwenda kichwani. Nikisukuma mlango naona ilivyo: kisima kushoto, doa la maji darini, wewe na miwani ya kamba. Inauma kuliko ile ya zamani. Ile ilikuwa inanisubiri. Hii inafungwa baada ya siku chache, na mimi niko huku.

Mdogo wako,
Nusrat


Bukhara, mtaa mpya, 27 Machi

Mdogo wangu Nusrat,

Salamu kutoka ghorofa ya tatu. Daktari amelitazama goti, amesema nisipande ngazi, nikamwambia basi anijengee lifti. Radiata hapa zinawaka mpaka nafungua dirisha. Majirani wanasalimu kwa kichwa tu, lakini nimeshagombana na mmoja, kwa hiyo naanza kuzoea.

Funguo nilimpa yule bwana siku ya Navruz. Alinikaribisha chai ndani ya nyumba ya baba, akanionyesha pa kukaa, juu, kwenye mito. Nikakaa. Nikakuelewa.

Ile siku ya kwanza nilikukalisha vile kwa sababu nilikuwa nimeusafisha mkeka wa pale juu kwa wiki nzima nikikusubiri, na miguu yangu ikakupeleka kwenye kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Ulipoketi ndipo nikaona nimekupokea kama mtu wa mbali. Sikujua namna ya kukutoa pale. Nimeandika dhidi ya watu wakubwa maisha yangu yote, na sikupata sentensi moja ya kumhamisha ndugu yangu kutoka kwenye mto.

Kuhusu asubuhi ile, umekosea. Niliona. Niliona ulipokaa, niliona ulipomimina, nilisikia kabati. Robiya alikuwa na haki kuhusu bomba, tangu mwanzo nilijua ana haki. Nilibisha kwa sababu tungenyamaza ungejiona umekaa wapi, ungeinuka. Nilibisha mpaka koo likauma. Yeye naye hakuwa mjinga. Alipotoka alinibinya mkono.

Chumba cha hapa ni kidogo hivi kwamba aliyekaa mlangoni na aliyekaa juu wanagusana magoti. Nikila peke yangu najikuta nimekaa mlangoni, nimeacha upande mmoja wazi.

Dada yako,
Mavjuda